Samaki mgeni na ndoo ya lita 20

Samaki wa kufugwa tangini akifa siku moja baada ya kuletwa nyumbani, lawama humwendea muuzaji. Kuna nyakati anastahili, maana samaki alitoka dukani tayari anaumwa. Lakini mara nyingi zaidi samaki alikuwa mzima, maji ya dukani hayakuwa na tatizo, na ya nyumbani nayo hayakuwa na tatizo. Kilichomuua ni kutolewa katika haya na kutumbukizwa katika yale ndani ya dakika mbili. Samaki wa siku nyingi anayekufa saa chache baada ya kubadilishiwa maji naye mara nyingi kafa kifo hichohicho, ila yeye hakuhama, maji ndiyo yaliyohama. Ndiyo maana wafugaji wazoefu hawaitenganishi kazi ya ndoo ya kubadilishia maji na kazi ya mfuko anaoletwa nao samaki. Maswali ni yaleyale: joto limepishana nyuzi ngapi, pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, imepishana kiasi gani, madini yaliyoyeyuka yamepishana kiasi gani, na kuna sumu gani ndani yake.

Kwanza jua tangi lako lina lita ngapi. Tangi la sentimita 90 kwa 40 kwa 45 ukizidisha na kugawa kwa 1,000 unapata lita 162, lakini hizo ni lita za kioo kitupu. Ukiacha sentimita nne juu bila kujaza, umepoteza lita 14 na ushei. Mchanga na mawe vinachukua nyingine kumi na kitu. Maji halisi ni kama lita 135, kwa hiyo robo yake ni lita 34, karibu ndoo mbili kasoro. Ndoo yenyewe ipime mara moja kwa chupa ya maji ya lita 1.5, uchore alama kwa wino usiofutika. Na iwe ndoo ya samaki tu. Ndoo iliyowahi kufulia nguo, hata ukiisuuza mara kumi, usiirudishe kwenye kazi hii.

Sababu ya kubadilisha maji haionekani kwa macho. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua, na chakula kilichobaki kikioza hutoa nyingine. Bakteria wanaoishi kwenye sponji ya filta, mchanga na kuta za tangi huigeuza amonia kuwa nitriti, wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Amonia na nitriti huua hata zikiwa kidogo, na kwenye tangi lililokomaa kipimo chake kinatakiwa kusoma sifuri. Nitrati si kali hivyo, lakini haina pa kwenda. Mimea hula kidogo, iliyobaki hujikusanya mpaka wewe uitoe kwa ndoo. Tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita kujenga bakteria hao, na hakuna maji ya kung'aa yatakayokupunguzia muda huo. Maji yanaweza kuwa meupe pee na amonia imejaa tele.

Hesabu ya nitrati inafaa kuifanya hata kwa kidole mchangani. Tuseme samaki wako na chakula chao vinaongeza miligramu 10 kwa lita kila wiki. Ukibadilisha asilimia 10 ya maji kwa wiki, nitrati itaendelea kupanda miezi kadhaa hadi itulie karibu na 100, kwa kuwa hapo tu ndipo asilimia 10 unayoitoa inapolingana na zile 10 zinazoingia. Ukibadilisha robo, hutulia kwenye 40. Ukibadilisha nusu, 20. Kwa tangi la kawaida la nyumbani, robo hadi theluthi kila wiki inatosha, na kwa goldifishi wakubwa, ambao ni wachafuzi hodari, sogea kwenye nusu. Anayesubiri miezi miwili kisha akamwaga asilimia 80 anatumia ndoo chache kuliko wenzake, ila samaki wake ndani ya nusu saa wanajikuta kwenye maji ambayo hawayajui kabisa.

Kuongezea maji yaliyopungua si kubadilisha. Kinachopaa hewani ni maji matupu. Chumvi na madini hubaki. Kwenye joto la Pwani, tangi lisilofunikwa hupungua kwa kuonekana ndani ya wiki, na mwenyewe akilijazia tu kwa maji ya kisima, kila mara anaongeza madini juu ya madini. Baada ya mwaka mmoja hivi kipimo cha TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, kinaweza kusoma mara mbili ya maji ya kisima chenyewe. Samaki waliomo wamepanda nayo polepole, wako salama. Mgeni atakayeletwa ndiye atakayelipa.

Sasa maji yatoke wapi. Ya bomba yana klorini, na dawa hiyo inayotulinda sisi na kipindupindu huunguza matamvua ya samaki. Kwenye bomba la mwisho kwa kawaida hubaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, na wakati wa masika, mto ukiwa tope, dawa huweza kuongezwa na harufu ukaisikia kwenye glasi. Kulaza maji saa 24 kwenye ndoo iliyo wazi, yenye mdomo mpana, huitoa klorini. Ukitia jiwe la hewa, lile la mwisho wa mpira wa pampu linalotoa vipovu, huenda haraka zaidi. Kulaza kwenye dumu lenye mdomo mdogo au ndani ya simtanki lililofunikwa si kulaza. Kumbuka pia kwamba miji mingi ya Marekani hutumia kloramini badala ya klorini, na hiyo haitoki kwa kulazwa usiku mmoja. Ndugu aliyeko huko anahitaji dawa ya chupa, na iwe ile inayofunga na amonia, maana kloramini ikivunjwa huiacha amonia nyuma.

Asiyetaka kusubiri atumie sodiamu thiosalfeti, fuwele zinazofanana na chumvi ya mawe. Yeyusha gramu 10 kwenye mililita 100 za maji safi, hifadhi kwenye chupa nyeusi. Mililita 1.5 ya maji hayo kwenye ndoo ya lita 20 inaua klorini hadi miligramu 1 kwa lita, zaidi ya ile unayokutana nayo siku za kawaida. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, usikadirie kwa kifuniko. Koroga, subiri dakika tano. Ukizidisha kidogo haidhuru.

Maji ya kisima kirefu hayana klorini, na hapo ndipo watu huyaamini kupita kiasi. Yanatoka ardhini yakiwa na kabonidayoksaidi nyingi na oksijeni haba. Yapime pH pale pale yanapotoka, kisha uyapime tena baada ya kupigwa hewa saa 24: utaona imepanda, wakati mwingine kwa alama nzima. Anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye pampu anawapa samaki pH ya chini isiyo na hewa, halafu pH hiyo inapanda yenyewe tangini mchana kutwa. Maeneo mengi ya Dar es Salaam yaliyo karibu na bahari visima vina chumvi. Gapi na moli huishi humo bila manung'uniko, moli hata hunenepa, lakini tetra na samaki wengine wa maji laini hawadumu. Kabla ya kununua samaki, onja maji yako. Ulimi ukisikia chumvi, orodha ya samaki unaoweza kufuga imeshapungua.

Maji ya mvua ni kinyume chake, karibu hayana madini, hivyo hayana kinga ya kushikilia pH. Yanafaa kupunguzia maji magumu, si kujazia tangi yakiwa peke yake. Bati jipya huachia zinki, na zinki kwenye maji laini ni sumu kali kwa samaki. Acha mvua za kwanza zioshe paa, na bati jipya kabisa liache kwa msimu mzima. Maji ya boza ni bahati nasibu. Leo yametoka mtoni, kesho kisimani. Pima kila boza kama maji mageni.

Kipimo cha TDS, kile kinachofanana na kalamu nene, ni bei ndogo na ndicho kifaa cha kwanza cha kununua. Hakikuambii maji yana nini, ila kinakuambia kama ya leo yamefanana na ya wiki iliyopita. Cha pili ni kipimo cha amonia cha matone. Karatasi za kuchovya zinasoma vitu vitano kwa mara moja, na vyote kwa wasiwasi.

Siku ya kubadilisha, fanya asubuhi. Simtanki jeusi juu ya paa likipigwa na jua la saa saba hutoa maji ya moto ambayo mkono hauwezi kuyavumilia, na samaki hawapaswi kuonja tofauti inayozidi nyuzi mbili. Kwenye baridi ya Nairobi au Arusha shida ni ya upande wa pili: maji yaliyolala nje huwa ya baridi kuliko tangi lenye hita, basi yaingize ndani tangu jana yake, au ongeza maji ya birika kidogo kidogo huku kipimajoto kikiwa ndani ya ndoo.

Zima hita na filta kwenye soketi kabla ya kugusa maji. Hita ikibaki wazi hewani ikiwa inawaka, kioo chake hupasuka, au hupasuka pale maji yatakapoirudia. Mikono isiwe na sabuni, losheni wala dawa ya mbu. Kifyonzio cha mchanga hutengenezwa kwa mpira wa nusu inchi wa mita mbili na chupa ya nusu lita iliyokatwa kitako, mdomo wake ukifungwa kwenye mpira. Uzamishe mpira wote tangini mpaka hewa iishe, ziba mwisho mmoja kwa kidole gumba, ushushe kwenye ndoo iliyo chini, achia. Hakuna haja ya kuvuta kwa mdomo. Chupa ichomeke kwenye changarawe, taka zipande zikizunguka, changarawe zirudi chini kwa uzito wake. Ukiona maji yamesafika ndani ya chupa, hamia sentimita chache pembeni. Mchanga laini usiuchomeke, pitisha chupa juu yake tu. Fanya theluthi ya sakafu kila wiki, siyo yote.

Ndoo ya maji machafu usiimwage mara moja. Humo ndimo unaposuuzia sponji ya filta, kwa kuikamua mara mbili tatu basi. Sponji ikipelekwa kwenye bomba, klorini huweza kuwaua bakteria uliowasubiri mwezi na nusu, na baada ya siku mbili ukawakuta samaki wanahema juu ya maji. Kosa kubwa zaidi ni kufanya usafi wa Idi au Krismasi: kumwaga karibu maji yote, kuosha changarawe kwa sabuni, kusugua kuta, kubadilisha sponji, vyote asubuhi moja. Tangi hilo limerudi kuwa jipya, ila sasa lina samaki wakubwa ndani yake.

Kurudishia, weka ndoo juu ya stuli iliyo juu kuliko tangi, maji yashuke kwa mpira uliobanwa na kibanio cha nguo. Ndoo ya lita 20 ichukue dakika kumi au zaidi. Chini ya mpira weka kisahani ili mchanga usichimbuke. Usiunganishe mpira wa pampu yenye nguvu moja kwa moja na tangi hata kama maji hayana klorini, kwa sababu maji yenye mgandamizo hubeba hewa kupita kiasi, na utaona vitone vya hewa vimeganda kwenye vioo na kwenye mapezi. Samaki huweza kuumwa kwa hewa hiyo, kama mzamiaji aliyeibuka haraka mno.

Kuna mtego mmoja unaowashangaza hata watu wenye miaka mingi kwenye ufugaji huu. Tangi halijabadilishwa maji miezi minane, samaki wako hai, mwenyewe anajivunia kwamba tangi lake "limejitegemea". Kilichotokea chini kwa chini ni hiki: kazi ya bakteria huzalisha asidi, asidi imekula ugumu wa kaboneti, ule unaoitwa KH, hadi umekaribia sifuri, na pH imeporomoka chini ya 6. Kwenye pH hiyo bakteria wanazorota na amonia inaanza kulimbikizana. Samaki hawafi kwa sababu kwenye asidi amonia karibu yote hukaa katika umbo la amoniamu, ambalo halina makali. Kwa joto la nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu yenye sumu kali ni kama asilimia 0.6 tu ya jumla. pH ikiwa 8 ni kama asilimia 5. Ikiwa 9, zaidi ya theluthi. Sasa mwenyewe anaamua kuwatendea wema, anabadilisha nusu ya maji kwa maji ya kisima yenye pH 8. Dakika chache tu pH inaruka, amoniamu inageuka amonia, na samaki wanaanza kupiga kichwa juu ya maji, wengine wanarukaruka. Anaapa kwamba maji ya kisima yana sumu.

Tangi la namna hiyo lipime kwanza. Kama pH iko chini na amonia ipo, badilisha asilimia 10 tu kila siku kwa siku kumi au zaidi, ukipima amonia kila asubuhi, na punguza chakula kiwe cha mara moja kwa siku mbili. KH ipandishe taratibu kwa bikabonati ya sodiamu, ile ya kuumulia keki. Kijiko kimoja cha chai, kama gramu 6, kwenye lita 50 hupandisha KH kwa nyuzi 4 hivi, nyuzi za ugumu, si za joto. Kwa tangi linalookolewa tumia robo ya hiyo kwa siku. Usije ukatumia magadi ya kuchemshia maharage kwa kudhani ni kitu kimoja. Magadi yana kaboneti pia, yakiyeyuka hupeleka pH juu kabisa, na ndiyo njia ya mkato ya kutengeneza ile hali tunayoikimbia.

Sasa mfuko. Uliza dukani wanatumia maji gani na hita yao imewekwa nyuzi ngapi. Ukiweza, chovya kipimo chako cha TDS kwenye tangi la samaki unayemtaka. Muuzaji mwenye akili hataudhika. Mfuko uwe na theluthi ya maji na theluthi mbili hewa, samaki wachache, na usafiri ndani ya boksi au kikapu kilichofunikwa, kwa kuwa giza huwatuliza. Kwenye bodaboda weka kitambaa kati ya mfuko na injini. Ni jambo dogo, lakini mfuko uliolalia chuma cha moto nusu saa hauna tena cha kuzoeshwa.

Kama safari ni fupi, chini ya saa moja au mbili, tumia njia ya matone. Zima taa ya tangi. Acha mfuko uelee ukiwa umefungwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Kisha mimina samaki na maji yake kwenye kindoo kidogo cha mviringo, ukiinamishe kidogo ili maji yakusanyike upande mmoja na samaki afunikwe vizuri. Chukua mpira mwembamba wa pampu ya hewa, mwisho mmoja tangini, mwingine kwenye kindoo, na katikati piga fundo. Kukaza na kulegeza fundo ndiyo koki yako. Matone 20 ni kama mililita moja, kwa hiyo matone mawili kwa sekunde yanaingiza mililita 360 kwa saa, manne yanaingiza 720. Mfuko uliokuja na mililita 700, kwa matone manne utakuwa umeongezeka mara mbili ndani ya saa moja. Kwa samaki wa kawaida na TDS isiyopishana sana, hapo inatosha. Kama TDS ya tangi ni mara mbili ya mfuko au nusu yake, mwaga nusu ya maji ya kindoo, rudia saa nyingine. Kutoka maji magumu kwenda laini ndiko kubaya zaidi; huko usiwe na haraka. Mahali pa baridi, kindoo hupoa wakati matone yanaendelea, basi kiweke ndani ya beseni lenye maji vuguvugu.

Safari ndefu ina sheria zake, na hapa ndipo ushauri wa "zoesha polepole, kadiri unavyochelewa ndivyo bora" unapowaua samaki. Chukua mfuko uliojazwa oksijeni ukasafiri kutwa kucha, mathalani sikilidi wa Ziwa Tanganyika waliotoka Kigoma kuja Dar es Salaam. Ziwa lile lina pH ya karibu 9. Ndani ya mfuko uliofungwa, samaki wanapumua, kabonidayoksaidi haina pa kutokea, pH inashuka chini kabisa. Wakati huohuo wanatoa amonia, lakini kwa kuwa pH imeshuka, amonia imelala kama amoniamu. Mfuko umejilinda wenyewe. Ukiufungua tu, kabonidayoksaidi inatoka, na ukianza kudondoshea maji ya tangi yenye pH 8.8, ndani ya dakika chache umeamsha sumu yote iliyokuwa imelala, na samaki bado yumo ndani yake unamzoesha. Ni ule mtego wa tangi la miezi minane, safari hii ndani ya kindoo.

Kwa mfuko wa namna hiyo, kazi yote ifanyike kabla ya kuufungua. Uelee ukiwa umefungwa, dakika 20 hadi 30. Waliotuma wakuambie mapema TDS na joto la maji waliyofungia, nawe uandae tangi la kupokelea lenye TDS inayokaribia hiyo, ukichanganya maji ya kisima na ya mvua au yaliyochujwa hadi kipimo kilingane. pH yake usiifukuzie kwenye 9 siku hiyo, 7.8 au 8 inatosha, utaipandisha ndani ya wiki. Ukishafungua, mimina mfuko wote kwenye wavu ulio juu ya ndoo tupu, na samaki aende moja kwa moja kwenye maji mapya. Sekunde, siyo dakika. Ngogo usiwatie wavuni, kwani miiba ya mapezi yao hunasa kwenye nyuzi na utamjeruhi unapomnasua; wakamate kwa kopo la plastiki. Na kwa mfuko wa aina yoyote, uwe wa safari fupi au ndefu, maji yake hayaingii tangini. Yamebeba amonia, na huenda yamebeba vimelea vya dukani.

Mgeni akishaingia, taa ibaki imezimwa mpaka kesho yake. Usimlishe siku ya kwanza. Atajificha, rangi itafifia, hilo ni la kawaida. Yasiyo ya kawaida ni haya: kuhema juu ya maji, mapezi kubanwa mwilini, kujisugua kwenye mawe, au kulala ubavu. Akihema juu, ongeza hewa kwanza, kisha pima amonia na nitriti kabla ya kununua dawa yoyote. Joto nalo lina neno hapa: maji ya nyuzi 30 hubeba oksijeni kama miligramu 7.5 kwa lita, ya nyuzi 25 hubeba 8.3, kwa hiyo tangi la Mombasa mwezi wa Machi lina akiba ndogo kuliko mwezi wa Julai hata kabla mgeni hajafika. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili tatu, ila itakuongezea kazi ya kujazia. Nitriti ikionekana, chumvi ya mezani gramu moja kwa lita husaidia, kwa sababu kloraidi huizuia nitriti kuingia kupitia matamvua; iyeyushe nje kwanza, iingie kwa mafungu.

Usilete samaki kumi kwa siku moja kwa kuwa bei imeshuka. Bakteria wa tangi lako wapo kwa idadi inayolingana na samaki waliopo. Watatu hadi watano wadogo, kisha wiki mbili za kusubiri, ndiyo mwendo.

Na kabla ya tangi kubwa, karantini. Tangi la lita 40, au hata beseni kubwa lenye kifuniko, filta ya sponji, kipande cha bomba la PVC la kujifichia, bila mchanga. Wiki tatu ni kiwango cha chini. Kimelea cha vidoa vyeupe kwa joto la nyuzi 25 humaliza mzunguko wake ndani ya wiki hivi, kwa hiyo wiki tatu humpa nafasi ya kujitokeza ukamwona. Wengi hushindwa karantini kwa sababu moja tu: sponji mpya haina bakteria, amonia inapanda, na mgeni anafia mahali pa usalama. Dawa yake ni kuweka sponji hiyo ndani ya tangi kubwa tangu mwezi mmoja kabla, ijikomaze humo, na siku ya mgeni uihamishe ikiwa bado inachuruzika maji.

Umeme ukikatika, pampu ndogo ya betri kwenye tangi la karantini ni bora kuliko kuupepea uso wa maji usiku kucha. Pampu ya hewa iwekwe juu kuliko maji au iwe na vali ya kuzuia maji kurudi, vinginevyo ikizimika maji yatarudi kwa mpira na kuikuta sakafuni. Filta ya ndoo, ile iliyofungwa inayokaa nje ya tangi, ikiwa imezimika saa nyingi usiiwashe tu umeme ukirudi. Maji yaliyoozea ndani yamwage kwanza. Jioni ya kupuliza dawa ya mbu, zima pampu ya hewa, funika tangi kwa taulo lenye unyevu, fungua madirisha, na usiiwashe pampu hadi harufu iishe chumbani, kwa kuwa dawa nyingi za mbu ni za jamii ya pairethroidi, na samaki huziweza kidogo mno.

Wiki ya tatu ya karantini, maji unayoyatoa tangi kubwa siku ya kubadilisha yatumie kujazia karantini, robo kila siku ya pili. Samaki atakapohamishwa, TDS, joto na pH vya pande zote mbili vitakuwa vimeshafanana, na hapo wavu mmoja utatosha, bila fundo wala kindoo. Sponji ya karantini, kama mgeni hakuonyesha ugonjwa, ikamue na uirudishe kwenye kona ya tangi kubwa ikamsubiri mgeni mwingine.